Taji la Mfanya Kazi: Sikukuu ya Wakulima wa Mizabibu katika Mji wa Vevey

Somo letu la juma hili latupeleka mbali, hata nchi ya Uswisi, iliyo katikati ya Ulaya na isiyo na pwani. Huko, kando ya ziwa kubwa, uko mji mdogo uitwao Vevey. Mji huu una desturi ambayo yafaa ijulikane na kila mtu aishiye kwa jembe, na hasa kila mtu ambaye shamba lake hulimwa na mkono wa mwingine. Kila baada ya miaka ishirini hivi, wenyeji hujenga uwanja mkubwa wa viti katika kiwanja cha soko, huvaa mavazi ya michezo, huimba na kucheza kwa majuma kadhaa, na mbele ya maelfu ya watu huwavika taji wachache waliochaguliwa. Hao wavikwao taji si wafalme, wala si matajiri, wala si wenye mashamba. Ni watu waliokabidhiwa mizabibu ya wengine wailime kwa ujira, nao wakailima vema.

Wengi wetu tulilijua neno mzabibu katika vitabu vya dini kabla ya kuuona mti wenyewe. Lakini msomaji aliyepata kufika Dodoma, katika nchi ya Tanzania, ameuona: mti wa kutambaa, wenye shina gumu lililopinda, majani mapana, na matunda yaliyoshikana katika vichala. Twajua pia ya kuwa wako wasomaji wetu wengi ambao dini yao yawakataza divai. Hao nao twawaomba wasitupe gazeti, maana habari hii haihusu kinywaji. Ni habari ya kazi, na ya jinsi kazi inavyoweza kupimwa kwa haki na kuheshimiwa hadharani.

MJI NA MITEREMKO YAKE

Vevey uko katika jimbo la Vaud, kwenye ukingo wa Ziwa Geneva, ambalo wenyeji huliita Léman. Ng'ambo ya pili ya ziwa huonekana milima mirefu ya Savoie, katika nchi ya Ufaransa. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea mji mkubwa wa Lausanne, ardhi yainuka ghafula kutoka majini. Sehemu hiyo yaitwa Lavaux. Mgeni aitazamapo kwa mara ya kwanza aweza kusema ya kuwa mahali pale pafaa mbuzi tu, kwa jinsi mteremko ulivyo mkali. Hata hivyo, tangu chini ziwani hata juu karibu na vilele, pamejaa mizabibu.

Jambo hilo halikuwa la bahati. Katika karne ya 12 watawa waliopewa ardhi huko walianza kuukata mlima kwa ngazi, na kila ngazi wakaizuia kwa ukuta wa mawe ili udongo usichukuliwe na mvua. Vizazi vilivyofuata viliendelea na kazi ile ile. Kama kuta zote za Lavaux zingepangwa katika mstari mmoja, zingepita kilomita 400, umbali usiopungua sana njia ya kutoka Nairobi hata Mombasa. Na kila jiwe liliwekwa kwa mkono.

Wenyeji husema ya kuwa mizabibu yao huota jua tatu. Jua la kwanza ni lile la mbinguni. La pili ni mwanga unaorudi juu kutoka katika maji ya ziwa kama katika kioo. La tatu ni joto ambalo kuta za mawe hulinywa mchana na kulitoa polepole usiku. Kwa jua hizi tatu hukomaa zabibu nyeupe ziitwazo Chasselas, ambazo ndizo nyingi kupita zote katika sehemu hizo. Mwaka wa 2007 shirika la UNESCO liliitia Lavaux katika orodha ya urithi wa dunia. Wasomaji wetu wakaao katika nchi za matuta watafahamu upesi kwa nini heshima hiyo ilitolewa kwa mlima uliolimwa na si kwa jumba la mfalme.

MWAKA WA MKULIMA WA MZABIBU

Huko Dodoma, ambako hakuna majira ya baridi kali, mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Huko Vevey huvunwa mara moja tu. Kwa hiyo mtu akikosea leo, hana nafasi ya kusahihisha hata mwaka mwingine. Na tuifuate kazi yake toka mwanzo hata mwisho, maana bila kuijua kazi hii hatuwezi kuifahamu sikukuu.

Mwisho wa majira ya baridi, mizabibu ikiwa mitupu kama kuni kavu, ndipo kazi iliyo kubwa kuliko zote hufanywa, nayo ni kupogoa. Mfanya kazi husimama mbele ya kila mti, huutazama, kisha huamua ni matawi yapi yatakatwa na ni macho mangapi yataachwa yachipue. Akiacha mengi mno, mti utazaa matunda mengi yasiyo na utamu, nao utachoka. Akiacha machache mno, mavuno yatakuwa haba. Uamuzi huo hufanywa katika baridi, mti baada ya mti, kwa maelfu, na hapana mtu asimamaye nyuma yake kumwangalia.

Majira ya kuchipua yakifika, ardhi hupaliliwa na fito hunyoshwa. Usiku huwa ni hofu, maana baridi moja ya ghafula yaweza kuyaua machipukizi yote machanga kabla ya mapambazuko. Yapata mwezi wa Mei na Juni machipukizi yasiyofaa huondolewa kwa vidole, na yale yanayofaa hufungwa penye fito. Hapo zamani wanawake wengi walivuka milima na ziwa, kutoka Savoie na kutoka bonde la Aosta lililo Italia, kuja kufanya kazi hii kwa muda wa majuma machache. Vidole vyao vilikuwa vyepesi, na wenyeji waliwangojea kila mwaka kama vile wangojeavyo mvua.

Kisha huja vita na magonjwa ya ukungu yashambuliayo majani, na hofu ya mvua ya mawe, ambayo kwa robo saa yaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Mwisho, katika Septemba au Oktoba, huja mavuno. Hapo watu wa kila namna huitwa kusaidia, vichala hukatwa kimoja kimoja, na wachukuzi hushuka na kupanda ngazi za mawe wakiwa na vyombo vilivyojaa zabibu migongoni mwao.

Hata baada ya mavuno hapakuwa na kupumzika. Mvua ya mwaka mzima huuteremsha udongo polepole mpaka ukajikusanya penye ukuta wa chini. Basi, wakati wa baridi, wafanya kazi waliupakia udongo ule katika vikapu, wakaubeba migongoni, wakaurudisha juu ulikotoka. Siku hizi ziko reli ndogo za mtambo zipandazo mteremko na kuwapunguzia watu mzigo, lakini ngazi nyingi ni nyembamba mno hata mashine kubwa haziwezi kuingia. Mkono wa mtu ungali unatumika.

SHIDA YA MWENYE SHAMBA NA SHIDA YA MFANYA KAZI

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Tangu zamani, mashamba mengi ya mizabibu katika sehemu zile yalikuwa mali ya watu waliokaa mjini: wafanya biashara, wakuu wa serikali, mawakili. Hawakulima wenyewe. Walimkabidhi mtu shamba kwa mapatano, naye akalipwa kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi aliyoitunza. Mtu huyo kwa Kifaransa aitwa vigneron-tâcheron, yaani mkulima wa mizabibu afanyaye kazi kwa mapatano.

Mapatano ya namna hii yana hatari kwa pande zote mbili. Mwenye shamba akaaye mjini hajui kama mti wake ulipogolewa kwa akili au kwa haraka. Kosa la kupogoa halionekani siku ile. Huonekana baada ya mwaka au miaka, mti ukiisha kudhoofika. Na kwa upande wake mfanya kazi, akiwa mwaminifu, ni nani atakayejua? Mvua ya mawe ikiangusha vichala, yeye hulaumiwa pamoja na mvivu. Jua likiwaka vizuri, mvivu husifiwa pamoja naye. Mavuno peke yake si shahidi wa kweli, kwa sababu mavuno hutoka katika mambo mawili, kazi ya mtu na hali ya mbingu, na mtu hana mamlaka juu ya mbingu.

Basi kwa shida hii watu wa Vevey walitafuta dawa. Kilikuwako mjini mwao chama ambacho sasa chaitwa Confrérie des Vignerons, maana yake Udugu wa Wakulima wa Mizabibu. Kitabu chake cha kumbukumbu kilicho cha kale kuliko vyote vilivyobaki chaanzia mwaka wa 1647, lakini chama chenyewe ni cha zamani zaidi ya kitabu hicho. Mkuu wake huitwa Abbé, jina la mkuu wa nyumba ya watawa, ijapokuwa yeye si mtawa. Neno la chama limeandikwa kwa Kilatini, Ora et labora, yaani omba na ufanye kazi.

Tusidhani ya kuwa chama hiki kilianzishwa na vibarua ili wajitetee. La, kilikuwa chama cha watu wenye mali na wenye cheo, na walipokwenda kuyakagua mashamba walikuwa wakiilinda mali yao. Hapo mwanzo mkulima mzembe alikaripiwa, na yule mwema hakupewa neno. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 18 wakuu wa chama waliona ya kuwa lawama peke yake haimfanyi mtu kuipenda kazi. Ndipo wakaanza kuwatuza waliofanya vizuri. Badiliko hili laonekana dogo, lakini ndilo lililozaa sikukuu yote.

UKAGUZI UNAVYOFANYWA

Desturi ya ukaguzi haijafa; ingali yafanywa hata leo katika Lavaux na katika nchi ya Chablais iliyo mashariki yake. Mwenye shamba atakaye huliweka shamba lake chini ya ukaguzi wa chama. Wakaguzi, ambao ni watu waijuao mizabibu, huenda huko mara tatu kila mwaka. Hutembea katikati ya mistari, huitazama mipogoo, hutazama kama magugu yameondolewa, kama machipukizi yamefungwa vema na kama magonjwa yamezuiwa. Kisha huandika maksi, kama vile mwalimu aandikavyo katika daftari ya mwanafunzi.

Kila baada ya miaka mitatu chama hukutana na kutoa zawadi kwa wale waliopata maksi nzuri. Walio bora kabisa hungojea sikukuu kubwa, ndiko watakakovikwa taji.

Msomaji na ayaangalie mambo matatu katika utaratibu huu. La kwanza, wakaguzi huenda shambani. Hawakai mjini na kuonja divai katika pipa. Kwa hiyo hupima kile ambacho mtu amekifanya kwa mkono wake. La pili, huenda mara tatu katika majira mbalimbali. Mtu hawezi kuwadanganya kwa kufagia shamba siku moja kabla ya wageni kufika, kama tufanyavyo wengi wetu. La tatu, hesabu hukusanywa kwa miaka mingi. Mwaka mmoja mbaya haumwangushi mtu mwema, na mwaka mmoja mzuri haumwinui mvivu.

SIKUKUU YA KWANZA, MWAKA WA 1797

Zamani wanachama, mkutano wao ukiisha, walipita katika njia za mji kwa gwaride, wakichukua zana za ukulima, wakiimba, kisha wakala chakula pamoja. Mwaka hata mwaka gwaride hilo liliongezwa mapambo. Mwaka wa 1730 alitiwa kijana wa kumwigiza Bacchus, ambaye katika hadithi za Warumi wa kale alikuwa mungu wa mizabibu, naye akachukuliwa juu ya pipa. Baadaye akaongezwa Ceres, mama wa nafaka. Wakristo wa Vevey hawakuwaabudu hao. Waliwatumia kama picha, kama vile katika ngano zetu sungura atumiwavyo kuonyesha werevu.

Hata mwaka wa 1797, jambo jipya likafanyika. Badala ya kupita njiani tu, chama kilijenga jukwaa katika kiwanja cha soko, pamoja na viti vya watu wapatao 2,000. Juu ya jukwaa lile, mbele ya watu wote, wakulima walio bora wakavikwa taji. Hii ndiyo ihesabiwayo kuwa Sikukuu ya kwanza ya Wakulima wa Mizabibu.

Tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Tangu mwaka wa 1536 jimbo la Vaud lilikuwa chini ya mabwana wa mji wa Bern, na watu wake hawakuwa na sauti katika utawala wao wenyewe. Katika nchi iliyozoea kuwainamia wenye vyeo, kibarua mwenye mikono ya sugu aliitwa kwa jina lake na kuinuliwa juu ya jukwaa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, 1798, utawala wa Bern ukaanguka. Hatusemi ya kuwa sikukuu ndiyo iliyouangusha. Sababu zilikuwa nyingine na kubwa. Lakini sikukuu, iliyozaliwa chini ya utawala wa kale, iliendelea katika utawala mpya, kwa maana kila upande uliona ya kuwa jambo lile ni la haki.

MARA MOJA KATIKA KIZAZI

Sikukuu hii haifanywi kila mwaka. Hufanywa mara moja katika kizazi, wala haizidi mara tano katika miaka mia. Tangu ile ya kwanza imefanywa mara kumi na mbili tu: 1797, 1819, 1833, 1851, 1865, 1889, 1905, 1927, 1955, 1977, 1999 na 2019. Kipindi kirefu kupita vyote ni kile cha miaka 28, kati ya 1927 na 1955, ambamo vita kuu ya pili ya dunia ilipita.

Na tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyezaliwa Vevey mwaka wa 1950 aliiona sikukuu ya 1955 akiwa mtoto wa miaka mitano, amebebwa mabegani. Ile ya 1977 aliiona akiwa kijana wa miaka 27. Ile ya 1999 aliiona akiwa na miaka 49, na ile ya 2019 akiwa mzee wa miaka 69. Mara nne katika maisha yake yote, naye ni mwenye bahati. Ndiyo sababu watu wa huko, wakitaka kukumbuka mwaka wa harusi au wa msiba, huhesabu kwa sikukuu, kama wazee wetu walivyohesabu kwa njaa, kwa nzige na kwa marika.

Desturi ya kungoja ina faida yake. Kwanza, taji haligeuki kuwa jambo la kawaida. Pili, kila sikukuu huandikiwa maneno mapya na nyimbo mpya, na mtungaji hujua ya kuwa nyimbo zake zitaimbwa majumbani kwa miaka ishirini. Gustave Doret alitunga nyimbo za sikukuu ya 1905, kisha akaitwa tena kwa ile ya 1927. Carlo Hemmerling alitunga za 1955, na Jean Balissat za 1977. Tatu, walio wazee huwafundisha vijana kabla hawajafa, maana wanajua huenda wasiione tena.

MCHEZO WENYEWE

Msomaji akisikia neno sikukuu ya mizabibu, huenda akadhani hufanywa wakati wa mavuno. Sivyo. Hufanywa katikati ya kiangazi, Julai na Agosti, wakati ambapo vichala vingali vibichi na mkulima apata nafasi. Mchezo huonyesha mwaka mzima wa shamba, majira yote manne: baridi na harusi ya kijijini, kuchipua na wachungaji, kiangazi na wavunaji wa nafaka, na mwisho majira ya zabibu na shangwe zake.

Wachezaji si watu wa kazi hiyo. Ni wenyeji wa mji na vijiji vya karibu: mwokaji mikate, karani, mwalimu, mama wa nyumbani, mtoto wa shule. Hufanya mazoezi kwa miezi mingi bila mshahara. Mwaka wa 2019 walikuwa zaidi ya 5,000. Uwanja uliojengwa mwaka huo sokoni, ukitazamana na ziwa, ulikuwa na viti 20,000, na wakaaji wote wa Vevey nao hawazidi sana hesabu hiyo. Ilikuwa kana kwamba mji umejenga nyumba moja ya kutosha watu wake wote, kisha ukaibomoa baada ya mchezo.

Mkuu wa mchezo wa 2019 alikuwa Daniele Finzi Pasca, Mswisi. Alisimulia mwaka wa mzabibu kwa njia ya mtoto wa kike aitwaye Julie na babu yake: mtoto auliza, babu ajibu, na katika majibu yake kazi zote za shamba zikaonyeshwa. Hiyo ni njia ya kufundisha ambayo hapa kwetu haihitaji kuelezwa. Taji zilivikwa siku ya kufungua, tarehe 18 Julai.

Liko jambo moja ambalo haliachwi kamwe, nalo ni wimbo wa wachunga ng'ombe uitwao Ranz des vaches, ambao huimbwa katika kila sikukuu tangu mwaka wa 1819. Waimbaji hutoka milima ya Gruyère, katika jimbo jirani la Fribourg, nao huimba kwa lugha yao ya kienyeji, wakiwaita ng'ombe warudi wakakamuliwe. Watu wa Fribourg ni Wakatoliki tangu zamani, na watu wa Vaud walifuata madhehebu ya Kiprotestanti tangu karne ya 16. Palikuwa na nyakati ambazo tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Lakini wimbo ule ukianza, uwanja mzima hunyamaza, na wazee hufuta machozi bila haya. Mwaka wa 1977 uliimbwa na Bernard Romanens, mtu wa Gruyère, na sauti yake yakumbukwa hata leo.

MAMBO YA LEO

Tusimwache msomaji akidhani ya kuwa mambo yote ni shangwe. Katika karne ya 20 hatari mpya iliijia Lavaux: si ukungu wala mvua ya mawe, bali nyumba. Matajiri walitamani kujenga majumba yao penye mandhari ile ya ziwa, na ardhi ya nyumba ina bei kupita ardhi ya zabibu. Mwaka wa 1977, ndio mwaka wenyewe wa sikukuu, wapiga kura wa jimbo la Vaud walikubali shauri lililoletwa na Franz Weber, la kwamba Lavaux ihifadhiwe isijengwe ovyo. Watu walewale waliompigia mkulima makofi sokoni walikubali pia kuifungia milango fedha ambayo ingemwondoa shambani.

Mwaka wa 2016, kamati ya UNESCO iliyokutana Addis Ababa, katika nchi ya Ethiopia, iliandika sikukuu hii katika orodha ya mambo ya urithi yasiyoshikika kwa mkono. Kwa hiyo heshima hiyo ilitoka katika mkutano uliofanyika hapa Afrika.

Lakini heshima hailipi gharama. Sikukuu ya 2019 iligharimu fedha nyingi mno, tiketi zote zilizotarajiwa hazikuuzwa, na chama kikapata hasara ya mamilioni ya faranga. Kadhalika wale wakulima wa mapatano, ambao sikukuu ni kwa ajili yao, wamezidi kupungua. Kazi ni ngumu, na kijana aweza kupata mshahara mjini bila kupanda ngazi za mawe. Hapa ndipo penye swali zito, nalo bado halijajibiwa: mji waweza kujenga viti 20,000 vya kumtazama mkulima, lakini je, utapata mtu wa kuvikwa taji kizazi kijacho? Taji huja mara moja katika miaka ishirini, na tumbo ladai kila siku. Sifa isiyofuatana na ujira wa haki ni nusu ya sifa.

FUNZO

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Watu wa Vevey waliongeza neno lao juu ya hilo: na amjuaye mkulima si yule alaye mavuno, bali yule aendaye shambani kuiona kazi. Kwa karne nyingi wamekwenda, mara tatu kwa mwaka, kutazama kazi ya mtu asiye na cheo na kuiandika katika kitabu bila upendeleo. Taji, nyimbo na uwanja vimejengwa juu ya daftari hilo. Pasipo daftari, sikukuu ingekuwa ngoma tu.

Msomaji anaweza kuwa na shamba la mizabibu au hana; anaweza kuwa na kibarua mmoja tu wa kupalilia mahindi. Na ajiulize, je, ameiona kazi ya mtu huyo mara ngapi mwaka huu, na siku aliyoiona ikiwa njema, alimwambia nini?

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini mavuno peke yake si kipimo cha haki cha kazi ya mkulima?
2. Eleza tofauti kati ya mwenye shamba na vigneron-tâcheron. Ni yupi avikwaye taji?
3. Jua tatu za Lavaux ni zipi?
4. Chama cha Vevey kilibadili nini katika nusu ya pili ya karne ya 18, na badiliko hilo lilileta matokeo gani?
5. Kwa nini sikukuu haifanywi kila mwaka? Taja faida tatu.
6. Katika sehemu yako, ni kazi gani iliyo muhimu lakini haionekani na watu? Ungeipima namna gani bila upendeleo?